Mfunga Breki Aliyegeuka Swala

Baba yangu alikuwa gadi wa reli. Aliajiriwa mwaka 1974, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na hata shirika lilipovunjika mwaka 1977 aliendelea kupanda behewa la mwisho la treni za mizigo kati ya Nakuru na Kisumu, kibendera mkononi mchana, taa mkononi usiku. Siku zake za mapumziko zilikuwa siku za kantri, ule muziki wa Kimarekani. Jim Reeves, Charley Pride, Dolly Parton, Kenny Rogers: nyumba yetu ya landi, makazi ya wafanyakazi wa reli, ilikuwa na redio moja na kaseti zisizozidi kumi, na hizo ndizo sauti zilizotulea mimi na dada zangu. Sikuwahi kujiuliza zilitoka wapi. Zilikuwa zetu, kama chai ya jioni.

Jumapili moja mwaka juzi nilimpelekea Baba wimbo mwingine kwenye simu. Sikumwambia ni nini. Wasichana wanaimba kwa pamoja, sauti nyororo, bila haraka, na nyuma yao kinapigwa chepkong', kinubi cha Wakipsigis kilicho jamaa na nyatiti ya Wajaluo. Wimbo mfupi. Wanaita jina moja, wanalirudia na kulirudia. Baba aliinamisha kichwa kuelekea kwenye simu, mkono mmoja nyuma ya sikio.

"Hawa ni Wakipsigis," alisema.

"Ndiyo, Baba. Ilirekodiwa Kapkatet mwaka 1950."

"Na huyo Chemirocha wanayemwita ni nani?"

Nikamjibu: ni mtu wa reli kama wewe, Mmarekani, jina lake Jimmie Rodgers. Tamka jina hilo upesi kwa ulimi wa Kikalenjin, ambao hauna haja ya kutenganisha j na ch, nawe utalisikia: Chemi, Rocha. Baba alicheka kwa mshangao, kisha akanyamaza, kisha akasema nimweleze vizuri. Nilieleza nilichokijua siku ile, nacho kilikuwa kidogo. Tangu hapo nimemsikiliza na kumsoma mtu huyu kwa muda mrefu, na ninayoyaandika hapa ndiyo maelezo ambayo ningependa kuwa nayo mchana ule.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 na kukulia Meridian, jimbo la Mississippi, mji wa njia panda ambako reli kadhaa zilikutana. Baba yake, Aaron, alikuwa nyapara wa genge la kukarabati njia. Mama alifariki mtoto akiwa mdogo sana, na kijana akalelewa kwa kuhamahama, leo kwa jamaa hawa, kesho kwa wale. Alipopata nguvu za kubeba ndoo, baba yake alimwingiza relini kuwa mbeba maji.

Hapo pa mbeba maji nataka kusimama kidogo, kwa sababu naamini muziki wote ulianzia pale. Jua la Mississippi, na genge la wanaume weusi linasogeza chuma cha reli kwa mitaimbo. Chuma kile hakimsikii mtu mmoja; lazima wote wasukume kwa pumzi moja, na pumzi moja haipatikani bila wimbo. Mmoja anatoa mstari, wengine wanaitikia kwa msukumo. Jambo hilo tunalijua. Neno letu harambee, kabla ya kuwa kaulimbiu ya taifa, lilikuwa wito wa wachukuzi wanaoinua mzigo pamoja. Sasa mtazame kijana mweupe mwenye ndoo na kata akipita katikati yao, akimnywesha huyu, akimngoja yule, na kila anaposimama anasikia. Inasimuliwa kwamba wakati wa mapumziko walimwonyesha pia namna ya kudonoa nyuzi za banjo na gita. Majina yao hayamo kwenye lebo ya sahani yoyote ya santuri.

Ukubwani akawa mfunga breki kwenye reli ya New Orleans and Northeastern, iliyotoka Meridian kwenda New Orleans. Nilipomsomea Baba maelezo ya kazi hiyo hakuhitaji kufafanuliwa. Unapanda juu ya behewa linalotembea, unazungusha gurudumu la breki kwa mikono, unashuka kuunganisha mabehewa, unakimbia gizani na taa. Mvua yako, moshi wako, baridi yako.

"Hiyo inamaliza kifua," Baba alisema.

Mwaka 1924, akiwa na miaka 27, Rodgers alitema damu. Madaktari wakasema kifua kikuu. Miezi michache kabla, binti yake mdogo, June, alikuwa amefariki akiwa bado mchanga. Alikuwa na mke, Carrie, binti mwingine, Anita, na mwili usioweza tena kazi ya reli. Ndipo alipoamua kuishi kwa kuimba. Uamuzi huo ulitoka kwa mtu aliyekwisha kufungiwa milango mingine yote, na nikimsikiliza sisahau hilo.

Kuna jambo katika miaka hiyo linaloniuma. Alizunguka na maonyesho ya wauza dawa, yale ya kukusanya watu kwa nyimbo na vichekesho ili wauziwe chupa, na alipanda jukwaani akiwa amejipaka masizi usoni kuwaigiza watu weusi, kama walivyofanya wasanii wengi weupe wa wakati ule. Watu waliomfundisha kuimba ndio aliowavaa usoni kama kinyago. Simwachi kwa sababu hiyo, lakini siwezi kusimulia habari zake nikaruka ukurasa huo.

Mlango ulifunguka Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, barabara yake kuu ikiwa ndiyo mpaka wenyewe. Majira ya joto ya mwaka 1927, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor aliweka mitambo yake kwenye jengo la kampuni ya kofia, akaita wanamuziki wa milimani. Familia ya Carter, waimbaji wengine wa kantri, ilirekodi hapo mwanzoni mwa Agosti. Rodgers alifika na bendi, ila usiku wa kuamkia zamu yao waligombana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye sahani, wenzake wakajitenga. Tarehe 4 Agosti akaingia peke yake na gita. Nyimbo mbili: moja ya askari na mchumba wake, nyingine ya kubembeleza mtoto, ambayo ndani yake alipiga yodeli.

Yodeli asili yake ni Milima ya Alpi. Sauti inatoka kifuani, inavunjika ghafla na kurukia juu, ile sauti nyembamba ya kichwani, kisha inaanguka tena chini. Ni kama sauti ya mvulana anayebalehe, ila hapa mwenye sauti ndiye anayeamua ivunjike wapi. Kwenye majukwaa ya Marekani ilikwisha zoeleka kabla yake. Alichokifanya Rodgers, hasa tarehe 30 Novemba 1927 mjini Camden, New Jersey, ni kuipeleka mahali ambapo haikuwa imekaa vizuri namna ile: ndani ya bluzi, muziki wa Wamarekani weusi.

Ubeti wa bluzi una mistari mitatu. Wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unalijibu. Malenga wetu wangefunga ubeti kwa kibwagizo. Rodgers naye aliweka kibwagizo, ila chake hakina maneno. Anasimulia kuachwa, kulipiza, kuondoka, mambo mazito kabisa, halafu maneno yanapoisha sauti inaruka juu kama mtu aliyekosa cha kuongeza. Sina hakika kama ni kilio au kejeli au furaha. Nadhani ndiyo sababu watu wasioelewa Kiingereza waliielewa mara moja. Wimbo ule wa Camden ulivuma mno, na katika maisha yake alirekodi mfululizo wa nyimbo 13 za namna hiyo, nyingi zikiwa na nambari tu kwa jina, bluzi ya yodeli ya pili, ya nne, ya nane.

Wakati huo makampuni ya santuri yaligawa muziki kwa rangi ya ngozi. Kulikuwa na orodha moja ya sahani za watu weusi na nyingine ya sahani za wazungu wa vijijini, hata kama wimbo ulikuwa mmoja, na gita lile lile. Rodgers aliuzwa kwenye orodha ya pili akiimba mambo aliyoyasikia kwa watu wa orodha ya kwanza. Faida ya mgawanyo huo ilimwendea yeye, si wao. Lakini mwenyewe, akiwa studio, hakuuheshimu mgawanyo. Mwaka 1928 huko Atlanta aliimba habari za mtu asiye na nauli anayesubiri treni ya kudandia, na nyuma yake wakapiga tarumbeta, klarineti na gita la Hawaii, lile linalotelezeshwa chuma juu ya nyuzi. Huyo hapo: bluzi ya Mississippi, yodeli ya Alpi, jazi, na visiwa vya Pasifiki, vyote ndani ya wimbo wa dakika tatu kuhusu behewa la mizigo. Mwaka 1931 alirekodi Louisville na bendi ya watu weusi wapigao mitungi. Nyimbo nyingi aliandika kwa msaada wa shemeji yake, Elsie McWilliams, maana Rodgers hakujua kusoma nota.

Na kuna tarehe 16 Julai 1930, Los Angeles. Bluzi ya yodeli ya tisa. Anayepiga tarumbeta ni Louis Armstrong, gwiji wa jazi, na anayepiga piano ni Lil Hardin Armstrong, mkewe. Majina yao hayakuandikwa kwenye lebo.

Nimesikiliza sahani hiyo mara nyingi kuliko yoyote yake. Rodgers alizoea kuimba na gita lake tu, na hakuhesabu mapigo kama mtu wa bendi. Akipenda neno analishikilia. Akiona ubeti umekwisha kabla ya wakati anaruka pigo na kuendelea. Mpiga piano wa kawaida angepotea. Lil hapotei. Anamfuata kama mtu anayetembea usiku na rafiki anayechechemea, akipunguza hatua bila kumwonyesha kwamba anapunguza. Armstrong kwa upande wake anangoja mstari uishe, halafu anaujibu, ule ule utaratibu wa genge la reli: mmoja anatoa, mwingine anaitikia. Miaka 40 baadaye, mwaka 1970, Armstrong alikaa kwenye kipindi cha televisheni cha mwimbaji wa kantri Johnny Cash; Armstrong alikuwa mzee sasa, akapiga tena sehemu yake huku Cash akiimba ya Rodgers. Alifariki mwaka uliofuata.

Watu humwita Rodgers baba wa kantri. Mwaka 1961, Jumba la Heshima la Kantri lilipochagua watu wake wa kwanza watatu, alikuwa mmojawapo. Sina ugomvi na heshima hiyo, ila neno baba linanitatiza kidogo, kwa sababu linafanya ionekane kwamba muziki ulitoka kwake. Mimi namwona kama mji wake wa Meridian. Reli zilikuja kutoka kila upande na kupita ndani yake, na zikaendelea. Mmoja aliyempenda alikuwa kijana mweusi wa Mississippi, Chester Burnett. Alijaribu kupiga yodeli kama Rodgers, koo lake likakataa. Likatoa mlio mzito kama wa mbwa mwitu. Alijulikana kama Howlin' Wolf, yaani mbwa mwitu anayelia, na mlio wake ukawa mmoja wa milio mikubwa ya bluzi ya Chicago. Alichokopa Rodgers kwa watu weusi kilirudi kwao kikiwa kimebadilika tena.

Pesa zilikuja. Mwaka 1929 alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, kwa kuwa hewa kavu ya huko ilisifiwa kwa wagonjwa wa mapafu. Hakukaa. Madaktari walimwambia apumzike, na kupumzika ndiyo ilikuwa dawa pekee iliyokuwapo. Yeye akapanda magari na treni kwenda kuimba kwenye mahema na kumbi za sinema. Januari 1931, San Antonio, aliurekodi ugonjwa wake wenyewe, bluzi ya kifua kikuu, akiutaja kwa jina waziwazi wakati ambapo familia nyingi ziliuficha.

Baba mdogo wangu aliugua kifua kikuu nilipokuwa kidato cha pili. Namkumbuka kwenye kiti cha mbao nyuma ya nyumba, blanketi mabegani saa saba mchana, na Mama akisimama mbele yake kila asubuhi na kikombe cha maji hadi vidonge vyote vimezwe. Miezi sita. Mwezi wa tatu alianza tena kuimba bafuni, na sisi watoto tukajua kwamba hafi. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya kweli ya ugonjwa huo, ilipatikana mwaka 1943. Rodgers aliikosa kwa miaka 10.

Mei 1933 alikwenda New York kurekodi mara ya mwisho, na alijua hivyo. Alihitaji pesa za kumwachia Carrie na Anita. Kitanda kidogo kiliwekwa studio. Anaimba wimbo mmoja, analala, anaamka, anaimba mwingine. Siku ya mwisho ya kazi ilikuwa tarehe 24. Sikiliza nyimbo za wiki ile kwa sauti kubwa. Pumzi ni fupi, anazimega mahali ambapo zamani angezivuta, lakini sauti inapofika mahali pa kuruka, inaruka. Alfajiri ya tarehe 26 Mei alifariki kwenye Hoteli ya Taft kwa kutokwa damu mapafuni. Umri miaka 35. Mwili ulisafirishwa kwa treni hadi Meridian, na watu wa reli husimulia kwamba dereva alipuliza honi kwa sauti ya chini, ya kuvuta, walipokuwa wakiingia mjini.

Mwili ulifika Meridian. Sahani zake ziliendelea na safari. Zilichapishwa Uingereza, India na Australia, na kutoka huko zikafuata meli na posta za dola ya Waingereza. Ndivyo, kwa gramofoni ya wageni, wamisionari kama inavyosimuliwa, sauti ya mfunga breki ilivyofika nyanda za Wakipsigis.

Jaribu kukaa pale walipokaa. Sanduku linaimba. Hakuna mtu ndani. Sauti ni ya mwanamume, halafu si ya mwanamume, halafu imerudi. Lugha haieleweki, lakini nyuzi zinazodonolewa zinaeleweka kabisa, kwa kuwa hapo nyumbani kuna chepkong'. Ni kiumbe gani huyu? Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Kapkatet na mitambo yake, alikuta jibu limekwisha kuwa wimbo, tena zaidi ya mmoja. Chemirocha, aliandika Tracey, kwao alikuwa nusu mtu nusu swala. Katika ule maarufu zaidi, unaoongozwa na msichana aitwaye Chemutoi Ketienya, wasichana wanamwalika aje acheze nao, acheze hadi nguo zimvuke. Hata jina lilipata makao: Che ndiyo inayofungua majina mengi ya wasichana wa Kikalenjin, Chebet, Chemutai, Cherono.

Wapo wanaosimulia habari hii kama kichekesho cha watu wasiojua gramofoni. Mimi nasikia kitu kingine. Wasichana wale hawakuiga yodeli, wala hawakuimba Kiingereza cha kubahatisha. Walisikia sauti ya mgeni, wakaipa miguu ya mnyama wa porini kwao, wakaiwekea nyuzi zao, wakaitungia mchezo. Mbeba maji wa Meridian alifanya hivyo hivyo kwa nyimbo za genge. Tofauti ni kwamba wao hawakumchukulia mtu chochote.

Katika miaka ya 2010, Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music, shirika la muziki la Nairobi, wakishirikiana na maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini, walizirudisha nyimbo hizo kwa Wakipsigis, wakawapata baadhi ya wazee waliokuwapo siku za kurekodi. Hebu fikiria kusubiri zaidi ya miaka 60 kusikia sauti yako ya ujanani.

Mwezi uliopita nilirudi Nakuru na kumwekea Baba bluzi ya tisa, ile ya Armstrong. Alisikiliza akigonga mkono wa kiti kwa kidole kimoja. Katikati ya ubeti kidole kilisita hewani.

"Hapo ameruka pigo," alisema.

"Hufanya hivyo, Baba. Wanamuziki wanasema hakujua kuhesabu."

"Anajua." Aligonga tena kiti, ta-ta, ta-ta, mlio wa magurudumu kwenye maungio ya reli. "Chuma kikikatika njiani, tunaweka kipande kifupi pale kuziba. Gurudumu likifika hapo linawahi. Ta-ta, ta-ta, tata, ta-ta. Londiani palikuwa na pengo kama hilo, hata nikisinzia nilijua tumefika. Mtu aliyelala kwenye behewa miaka yote hiyo ataimba vipi vingine?"

Akanyosha mkono achukue simu. Aliishika mbali na macho, kama ashikavyo gazeti, akitafuta pa kubonyeza.

"Sasa niwekee tena wale wasichana," alisema.